Sufuria la Baba na Posa ya Sikuzani

Dodoma, Jumanne, 6 Agosti 1912

Daftari jipya! Nimelipata kwa karani wa stesheni kwa kipande cha halua. Naandika kwa herufi za Kizungu, za shule ya Serikali, maana Kaka Rehani na mdogo wetu Awadhi wanasoma Kiarabu tu. Kwa hiyo humu nitasema kweli tupu.

Kweli ya kwanza: Kaka Rehani ana kichwa cha mbuzi.

Marehemu Baba alitoka Shihiri, Arabuni, akashukia Bagamoyo na sufuria moja kubwa la shaba. Reli ilipofika huku, sisi wanawe watatu tukalipakia garimoshini, tukaja nalo kuuza halua. Biashara yetu sote, ati! Lakini anayeonja nani? Rehani. Anayetia zafarani nani? Rehani. Mimi niliyesoma napuliza moto. Mwaka wa pili huu napuliza moto.

Leo nimekwenda kwa Bi Stara kumposa bintiye Sikuzani. Nimekwenda mwenyewe, bila mshenga wala kaka. Bi Stara alinitazama juu mpaka chini. Akasema hamwozi mwanawe kwa mpuliza moto wa kaka yake. Nikimtaka, siku ya kuvunja jungu, kabla Ramadhani haijaingia, nimpelekee sinia la halua iliyopikwa kwa mkono wangu. Sikuzani alichungulia mlangoni akacheka. Anacheka vizuri, Mungu amweke! Nikimkosa huyu nimekwisha.

Jumatano, 7 Agosti

Mpango tayari. Keshokutwa, wote wakiwa msikitini kwa Ijumaa, nalitorosha sufuria. Jumamosi napika halua kule Kikuyu, nje kidogo ya mji, uani kwa Gideoni muuza kuni, Mgogo aliyesoma misheni. Amekubali kwa kibaba cha sukari na hakuuliza kitu. Mtu wa maana sana.

Nilimkuta Awadhi hukohuko. Siku hizi haishi kwenda, eti anachagua kuni. Hurudi na chaki vidoleni. Kuni gani zenye chaki? Mzembe yule. Siri kama hii siwezi kumpa.

Alhamisi, 8 Agosti

Nina sukari, samli, wanga na hiliki. Sina zafarani. Kaka Rehani huificha ndani ya kofia yake, na kofia haivuki kichwani ila kwa kulala. Nikapiga kelele kwamba ana nyuki utosini, nikarukia kofia. Akasema kwa upepo huu wa Dodoma nyuki atatua wapi. Kisha akanizaba kofi la kichwa, akasema nyuki amehamia kwangu. Mkewe, Shemeji Mishi, alicheka mpaka akakaa chini. Cheka, shemeji, cheka. Nitapika bila zafarani.

Daftari hulificha chini ya gunia la wanga. Leo nimelikuta limelala kifudifudi, ukurasa wa jana una alama nyeupe za vidole. Panya wa mji huu wana vidole! Nitatega mtego.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimeugua tumbo. Nimeugua vizuri mno, nikagaagaa. Kaka Rehani akasema pole haraka haraka, akaniomba nikipata nafuu nimpeleke punda maji. Alikuwa amekwisha mfunga nje, na kamba mbili ndefu juu yake. Bahati iliyoje! Hata kamba sikutafuta.

Njiani askari wa Boma akanisimamisha. Akasema ngoma haipigwi bila ruhusa. Nikamwambia hii si ngoma, ni sufuria. Akasema lipige tusikie. Nikalipiga. Lo! Liliitika kuliko ngoma. Wakaja watoto, wakaja akina mama na ndoo vichwani, wakaanza kucheza. Askari akatoa kalamu aniandike. Ikabidi nimlambishe mwiko wa zamani uliokuwa na halua iliyoganda ndipo akasadiki.

Sufuria limefika Kikuyu salama. Sala ya Ijumaa imenipita. Mungu anisamehe, nilikuwa kazini.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haunitambui.

Mwanzo ilikuwa raha tupu. Moto unawaka, samli inanukia, mimi nasonga na kuimba. Kisha halua ikaanza kuwa nzito. Halua haina subira, ukiacha kusonga kidogo tu inashika chini. Nyumbani tunapokezana mwiko watatu, huyu akichoka yule anashika. Jambo hilo sikulifikiria hata siku moja. Nilifikiria zafarani tu!

Nikampa Gideoni mwiko nipumue. Akasonga kama ugali. Akaubana, akaugeuza, akaupigapiga mgongo, akasema umeiva, mboga iko wapi? Nikamnyang'anya mwiko.

Upepo ukaleta vumbi. Nikalikinga sufuria kwa kanzu yangu huku nasonga. Mkono ukafa. Nikahamia wa pili, nao ukaanza kugoma. Nikasikia harufu ya kuungua. Yarabi! Nikaona vyote vinakwenda pamoja, Sikuzani, sufuria la Baba, na biashara ya Ramadhani inayotulisha mwaka mzima. Nikamwita mama. Mama ni marehemu, lakini nilimwita.

Mara mtu akauchukua mwiko mkononi mwangu. Kaka Rehani! Nyuma yake Awadhi, ameshika maji na matambara ya mikono. Gideoni akasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Akachukua jembe akaondoka, kiangazi hiki!

Lakini Kaka Rehani hakugomba. Alivua kofia, akatoa zafarani, akaitia. Akasema halua ya posa hupikwa na ndugu wa bwana arusi, hata ya Baba waliisonga ami zetu. Ningemwomba sufuria angenipa siku ileile. Hata mwenye kichwa cha mbuzi, akasema, analijua hilo.

Ajabu! Kichwa cha mbuzi! Neno hilo nimeliandika humu tu, sijalitamka kwa mtu. Damu ya ndugu hii, hata mawazo yanafanana.

Tukapokezana mwiko mpaka alasiri. Nililia. Nikasema ni moshi. Awadhi naye alikuwa analia, akasema ni moshi, na moto ulikuwa umekwisha zimwa.

Nani aliwaambia? Gideoni ameapa hakusema. Amebaki punda.

Jumatatu, 12 Agosti

Tumevunja jungu kwa Bi Stara! Pilau, mbuzi, na sinia langu katikati. Safari hii nilikwenda na kaka yangu mbele, kama watu.

Bi Stara akaonja. Akafumba macho. Akaniuliza imepikwa na nani. Nikasema mimi, peke yangu. Awadhi akakohoa. Bi Stara akasema zafarani hii anaijua, akamgeukia Kaka Rehani, akamuuliza kweli ni Mbaruku peke yake? Nilikufa nikafufuka. Neno moja tu la kaka, na Sikuzani amekwenda.

Kaka Rehani akajibu ni Mbaruku peke yake, wao walikwenda kufukuza nzi.

Haki, nilimpenda. Bi Stara akatwambia sote watatu tufumbue viganja. Mikono sita, malengelenge matupu. Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Akasema nzi wa Kikuyu wakali, haya, arusi baada ya Idi. Nyuma ya mlango nikamsikia Sikuzani akipiga kigelegele.

Wale nzi sikuwaona mimi. Lakini Kaka Rehani hatimaye amekiri mbele za watu kwamba najua kupika peke yangu. Kweli haifichiki.

Jumanne, 13 Agosti

Asubuhi. Nimefikiri. Mume wa mtu hawezi kupuliza moto wa kaka yake. Baada ya arusi nalichukua sufuria mimi na Sikuzani, tunahamia Kondoa. Waislamu wengi, halua ya maana hakuna. Nitaondoka siku ya Ijumaa wakiwa msikitini, maana njia hiyo nimekwisha ijaribu ikafaa. Safari hii sitamwambia hata Gideoni. Wala punda.

Alasiri. Kila kitu kinaniendea vizuri! Kaka Rehani amenunua kamba mpya ya punda, nene, ya safari ndefu. Shemeji Mishi ameniletea blanketi, eti halitumii. Awadhi, mzembe yule, ameniuliza kama Kondoa kuna nyumba za kupanga zenye vyumba vitatu. Nimemwambia atajua mwenyewe siku akienda. Amesema haya, kaka, ameondoka akicheka na chaki yake vidoleni.

Wamepanda mlimani kuutazama mwezi wa Ramadhani. Daftari nalirudisha chini ya gunia la wanga. Mahali hapa hata shetani hapajui, na kesho, inshallah, shetani anafungwa.