Mfumo Usiojua Kupatana Bei

Jumatatu, 3 Machi 2025
Eunike, andika. Wewe mkwe wangu, usiongeze yako. Asubuhi nimepeleka maziwa kituo cha afya, kama ninavyopeleka tangu baba Elimringi yuko hai. Primus wa ugavi kaniamkia vizuri, shikamoo bibi, halafu kanipa habari: zabuni ya maziwa ya wagonjwa sasa inaombwa kwenye mfumo. Kwenye kompyuta! Mwisho Alhamisi. Na Salvina wa Kiboriloni keshajisajili. Salvina! Hana hata mbuzi! Nikiikosa hii, maziwa yote haya nitamnywesha nani?

Jumanne, 4 Machi
Nimempelekea Primus mkungu wa mshare. Huo mkungu! Kakataa. Eti bibi, siku hizi sichagui mimi, unachagua mfumo. Nikamuuliza huo mfumo unakaa wapi. Dodoma! Nikarudi na ndizi zangu, tukapika mtori. Ng'ombe mwekundu anachechemea, lakini hayo tuyaache.

Alhamisi, 6 Machi
Eunike kanisajili kwa simu yake. Tukafika kwenye bei. Nikasema weka mara mbili. Kapiga kelele, mama, hapa watu wanaweka bei ya mwisho! Nani anaanza na ya mwisho? Sokoni watakuona mgonjwa. Weka! Mfumo utashusha, nitanuna, nitajifanya naondoka, utaniita.

Ijumaa, 7 Machi
Simu mapajani kutwa nzima. Mfumo haujaita. Unajivunga. Naujua ujanja huo.

Jumatatu, 10 Machi
Kapata Salvina! Primus kasema bei yangu imezidi za wote. Sasa si ungesema tu, tukaongea? Nikachuma isale, lile jani letu la kuombea msamaha. Ukiletewa isale unasamehe, hata aliyekuibia ng'ombe. Nikaiweka juu ya kompyuta. Primus kainamisha kichwa kwa heshima. Kompyuta kimya. Haina malezi.

Jumatano, 12 Machi
Salvina huyo mlangoni! Hana ng'ombe, anataka maziwa yangu akayapeleke kituoni. Nikataja bei ya kutisha. Akacheka, mama Elimringi, unaniua! Akashusha. Nikanuna. Akaondoka, nikamwita. Akarudi, akashusha tena. Loo, raha! Mwisho nikamwachia kwa bei ya chini kuliko niliyokuwa nawauzia kituo mwenyewe. Eunike kashika kichwa. Hajui biashara huyu. Mwakani ule mfumo nautajia mara tatu, upate nafasi ya kushusha.