Mchezaji Mmoja

Bingwa wa dunia wa Zama za Mawe anaishi Kigali, na mchana anauza wino wa printa katika maofisi ya Kacyiru.

Anaitwa Ambrose. Ni mzaliwa wa Bukoba, mji ambako, kwa maneno yake mwenyewe, unyenyekevu huletwa kwa meli na huisha kabla haujafika sokoni. Nimepita miji mingi na nimeketi na mabingwa wengi. Lubumbashi nilikunywa bia na bingwa wa kuvaa suti. Kampala nilimsubiri bingwa wa kuchelewa, hadi leo hajafika. Wote hao ni wanagenzi! Ambrose aliipiga dunia nzima akiwa amekaa kitini.

Silaha yake ilikuwa simu yenye kioo kilichopasuka, na ndani ya simu mlikuwa na mchezo uitwao Uwanja wa Mifupa. Jitu lenye kifua kama kabati, limejifunga kipande cha ngozi, linaingia uwanjani na rungu. Linapigana na majitu wenzake, na mamba wenye mabawa, na vifaru wenye manyoya, mpaka abaki mmoja. Mchezo ulikuwa umetafsiriwa kwa Kiswahili na mashine isiyowahi kuonja ugali. Kila ukiufungua, maandishi mekundu yalijaa kioo: MCHEZAJI MMOJA.

"Umeona?" Ambrose aliniambia siku tuliyofahamiana. "Hawakuandika mchezaji wa kumi. Hawakuandika hata wa pili. Mmoja! Dunia nzima mchezaji ni mmoja, na ni mimi!"

"Nani kakupa cheo hicho?"

"Kompyuta, ndugu yangu. Kompyuta haina mjomba wala shangazi."

Makao makuu ya ubingwa yalikuwa mgahawa wa Mama Shimwa, Nyamirambo, kwa sababu ya kiuchumi: intaneti ilikuwa ya bure. Kutoka kiti kile Ambrose alikuwa amemlaza chini Carlos wa Brazili, akamlaza Olga wa Urusi, akamlaza na Mkanada mmoja ambaye jina lake alilitamka tofauti kila alipomtaja. Alibaki Hiroshi wa Osaka.

"Mjapani yule halali," Ambrose alikuwa akinong'ona. "Nifungue asubuhi, yupo. Nifungue usiku, yupo. Ananiogopa, lakini yupo!"

Sasa, mtu hampigi Mjapani bila sababu. Sababu ilikuwa Kaliza, fundi cherehani mwenye duka ng'ambo ya barabara, aliyekulia Mwanza akarudi Kigali na Kiswahili kikali kuliko mkasi wake. Ambrose alitaka kumwoa. Tatizo ni kwamba Kaliza alikuwa na kumbukumbu. Alikumbuka Ambrose akisema atateuliwa mshauri wa wizara. Wizara ikanunua wino kwa mtu mwingine. Alikumbuka akisema ananunua gari. Ikaja kofia ya pikipiki. Alikumbuka pia akisema anajua kuogelea. Ziwa Kivu aliokolewa na watoto, mahali ambapo maji yalimfika magotini.

"Ambrose," Kaliza alimwambia, "nionyeshe jambo moja ulilojisifia likawa kweli. Moja tu! Siku hiyo nitakutajia mjomba wangu anapokaa, uende ukajieleze."

Moja! Ambrose aliondoka anapepesuka kwa furaha. Hata neno lenyewe lilikuwa lake.

Jumamosi ya umuganda, watu wametoka kufagia mitaa na kuzibua mitaro, wana kiu na matope miguuni, Ambrose akatangaza fainali. Aliingia mgahawani na kizibao cha kitenge chenye madoa ya chui. Alikishona Kaliza mwenyewe, bila kucheka hata mara moja, na hapo ndipo nilipojua yule mwanamke ni fundi wa kiwango gani.

"Ndugu wateja!" bingwa alipaza sauti. "Zimeni intaneti zenu! Mtu mmoja akitazama video hapa, rungu langu linachelewa kufika Osaka!"

Rwema, dereva wa moto, yaani bodaboda, alikuwa anatazama mpira kwenye simu. Aliinua uso kama mtu aliyeamriwa kuzima jua.

"Sha, wewe iko na wazimu? Mupila iko dakika ya mwisho!"

"Taifa kwanza, Rwema!"

"Taifa gani? Wewe iko Mutanzania!"

"Zama za Mawe hakukuwa na mipaka!"

Rwema akaificha simu chini ya meza, mpira ukaendelea kisirisiri.

Vita vikaanza. Ambrose alipiga, akaruka, akajikunja pamoja na kiti. Vumbi la Zama za Mawe lilitaka kututoka puani. "Lungu ya kichwa!" watu walimshangilia. "Mupe lungu ya kichwa!" Kaliza alikuwa amesimama mlangoni na futi ya kushonea shingoni, mikono kifuani, na nilimwona Ambrose akimtupia jicho moja kila baada ya marungu mawili.

Ndipo Mama Shimwa alipotaka kusaga juisi ya marakuja. Alikuwa na soketi moja tu. Akachomoa waya wa intaneti, akachomeka blenda. Vrrrrr!

"Mama!" Rwema aliruka. "Intaneti imekufa! Penariti! Mupila umekufa kwa penariti!"

"Ngoja juisi," alisema Mama Shimwa. "Intaneti hainyweki."

Ambrose hakusikia. "Anakuja! Hiroshi kapanda kifaru! Shika hiyo, Osaka! Na hii pelekea mama yako!"

Blenda ikanyamaza. Kaliza akasogea taratibu.

"Ambrose, umenunua bando leo?"

"Bando la nini? Mimi natumia ya Mama siku zote."

"Ya Mama imechomolewa."

"Haiwezekani! Huyu hapa Hiroshi ananipiga!"

"Namwona. Anapitia wapi?"

Rwema alitazama simu ya Ambrose, akainama akachungulia chini ya meza, akachungulia na nyuma ya friji.

"Yewe! Kumbe Hiroshi iko hapa hapa Nyamirambo!"

Kicheko kilichofuata kilimwaga juisi. Kaliza akaichukua simu na kusoma maandishi mekundu.

"Hiki si cheo. Maana yake unacheza peke yako. Olga, Carlos, Hiroshi, wote ni simu yako."

Hiroshi, aliyeachwa bila kazi, akatumia nafasi hiyo kumpasua bingwa kichwa.

Mwanamume mwingine angetoka kwa mlango wa jikoni. Ambrose alinyoosha kizibao chake.

"Basi nilisema kweli!"

"Nini?"

"Nilisema mchezaji ni mmoja, na ni mimi. Yuko mwingine? Ulitaka jambo moja la kweli, Kaliza. Hilo hapo! Na mashahidi ni hawa!"

Nimewahi kusikiliza mawakili kwa lugha nne. Utetezi kama ule sijausikia. Hata Mama Shimwa alitikisa kichwa kukubali. Kaliza alimtazama, kisha akatabasamu tabasamu ambalo sikulielewa.

"Ahadi ni ahadi. Mjomba wangu anaitwa Tonton Silvère, anakaa Busanza. Kesho, baada ya misa."

"Kesho? Lakini posa inataka wazee, inataka msemaji, inataka—"

"Nenda mwenyewe. Si wewe ni Mchezaji Mmoja?"

Kesho yake nilimsindikiza hadi Busanza, nikabaki chini kwenye ngazi. Juu barazani alikaa mzee kwenye kiti cha plastiki, miwani kwenye ncha ya pua, ameinamia mapaja yake. Ambrose akakohoa.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Ambrose, bingwa wa dunia wa—"

Mzee aliinua mkono mmoja kumnyamazisha. Wa pili ulikuwa na kazi, kidole gumba kikigonga kioo cha simu.

"Kaa kwanza, mon petit. Nimalize huyu Mujapani."