Mti wa Droo Thelathini na Moja

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Kazi za Mikono,

Salamu nakupa, ingawa hukustahili. Mume wangu ni fundi saa mstaafu, mtu mpole hadi ulipochapisha mchoro wa kabati la nguo lenye umbo la mti. Naomba utangaze gazetini kwamba mchoro ule ulikosewa, na kwamba mti wetu ung'olewe kabla ya Jumamosi. Nikisema mimi, ni kelele za chura. Likisema gazeti, mwenzangu anavaa miwani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila jani ni droo, na amezichonga zote akiwa na lenzi ya saa jichoni. Droo ni thelathini na moja. Kubwa kuliko zote inaenea soksi moja. Mwenzake yuko tawi jingine.

2. Mbao zilipokwisha, alikitazama kitanda. Sasa kitanda ni matawi, nasi tunalala sakafuni kama wasafiri walioachwa na basi.

3. Anayejua kilipo kitu ni yeye peke yake. Juzi nilitafuta kitana, nikaelekezwa jani la tatu, kushoto kwa kasuku wa kuchonga. Nikakuta chumvi. Chumvi, Mhariri, chumbani!

4. Mlango aliupima. Mizizi hakuipima. Mti hautoki.

5. Jumamosi anakuja dada yangu mkubwa, ambaye miaka arobaini iliyopita alinionya nisiolewe na mtu wa vitu vidogo vidogo. Akiuona huu mti atacheka mpaka akae chini, na pa kukaa ni hapo hapo chini. Nitaiweka wapi sura yangu?

6. Ndege wa kweli ameingia akajenga kiota, na sasa nimekatazwa kufunga dirisha la chumba changu mwenyewe. Ndege hakukatazwa chochote.

7. Kwa kuwa mume wangu anakusikiliza wewe kuliko mimi, gazeti lako sasa ni mke mwenzangu, nami sikushauriwa. Basi njoo ushike zamu. Mimi nimechoka kufagia maranda.

Wasalimie wachapaji, mchoraji wako asiye na huruma, na meza yako ya ofisi kama bado haijaota majani.

Ni mimi, msomaji wako kwa kulazimishwa,
Mama wa Sakafuni

Nyongeza: Nilipoomba bahasha, nilielekezwa tawi la juu, nyuma ya kasuku. Bahasha hakuna. Nimekuta barua zangu zote za uchumba nilizomwandikia, kila moja imekunjwa mara nane ili ienee. Ya kwanza kabisa ni ya malalamiko, yenye nambari, kwamba fundi fulani amenirudishia saa yangu ikiwa inakwenda kinyumenyume. Nimecheka hadi ndege akaruka, kisha nikalia kidogo. Dada na acheke anavyotaka. Barua hii nayo nimeikunja mara nane, na imeenea vizuri kabisa kwenye droo hiyo hiyo. Kwa hiyo, Mhariri, usiisubiri.