Kucha Zangu Si Ugonjwa, Ni Kazi

Ndugu Mganga Mkuu,

Pole na kazi ya kusikiliza watu wakikohoa.

Mimi ni yule fundi rangi aliyepaka korido ya wodi yenu ya wazazi, ile ambayo haijabanduka hata leo. Nimepaka mabenki, mahoteli na ikulu mbili, kwa nje. Sijisifu, nataka tu ujue unaandikiwa na nani. Namlalamikia daktari wenu wa kifua, binti wa umri wa mwanangu wa tatu, aliyenipa ugonjwa ambao sina.

1. Alinitazama vidole kabla ya uso, akasema kucha zangu zina umanjano wa maradhi. Nikamwambia, mwanangu, muuza mkaa haulizwi kwa nini viganja vyake ni vyeusi.

2. Akauliza mara ya mwisho nilikata kucha lini. Sikukumbuka. Akaliandika hilo kwenye faili kama kosa. Kucha zisizokua zina adabu. Zinajua mwenyewe ana shughuli.

3. Miguu yangu imevimba. Akasema mwilini mna vijia vya kuondoa maji, na vyangu vimezubaa. Ndugu, nimesimama juu ya ngazi miaka ishirini na sita. Hata ngazi yenyewe imevimba miguu.

4. Akasema pafu la kulia lina maji, nilazwe ayatoe kwa sindano. Hapo ameingilia fani yangu. Ukuta ukiloa, fundi wa kweli hatoboi ukuta. Hupanda juu kutafuta paa linapovuja. Kichwa changu hakukipima hata kidogo.

5. Akatangaza kwamba ugonjwa huu ni adimu, akaleta wanafunzi kumi na mmoja wakapanga foleni kunishika vidole. Sikatai, nilifurahi, nikawafundisha kuchanganya rangi. Ila kama mimi ni adimu kiasi hicho, mnanipangiaje kitanda wodi namba sita, pamoja na watu wa malaria?

Kwa hiyo naomba faili lirekebishwe: penye jina la ugonjwa paandikwe "rangi ya mafuta". Tena nipewe ruhusa ya kurudi kazini Jumatatu. Kuna madarasa manne yananingoja, na siku hizi napumzika kila kipandio cha tatu. Kikohozi ni vumbi la msasa. Kulala nimekaa ni mazoea tu.

Nisalimie wauguzi, mlinzi wa geti na mpishi wa uji.

Ni mimi, mzima wa afya,
Fundi wa Korido

Nyongeza: Mama watoto ameisoma barua hii anisahihishie herufi. Hakusahihisha kitu. Ameleta beseni la maji, akanivua soksi ambazo sijazivua mbele ya mtu tangu miguu ilipovimba, akauliza taratibu huko chini huwa napaka rangi gani, maana kazini navaa buti. Kucha zote kumi ni manjano. Mwambieni binti Jumatatu nakuja na shuka langu, aandae sindano. Na wale wanafunzi warudi. Safari hii nina vidole ishirini.