Wiki Niliyomkatalia Kamanzi

Jumatatu, 7 Julai

Inatangazwa kwa umma wote wa Kinyinya kwamba leo saa moja na nusu asubuhi Bwana Kabera, mkodishaji wa mahema na viti, amekata kucha za miguu yote miwili bila kujeruhiwa. Shughuli ilimalizika kwa amani. Hapakuwa na hotuba.

Naandika kwa Kiswahili, lugha ya utoto wangu kule Karagwe, ili watu wa nyumbani wasisome mambo yangu. Watu wa nyumbani ni mimi.

Mchana alikuja Mukandekezi, muuguzi, mjane, jirani wa barabara ya juu. Nilidhani anataka kuongeza viti. Jumamosi binti yake wa pekee, Ihirwe, anaombwa rasmi. Wazee wa mvulana wanakuja kuomba, mzee wa upande wa msichana anawakatalia kwa maneno matamu, anawazungusha, watu wanacheka, mwisho anawapa. Mwisho wake kila mtu anaujua. Lakini bila mzee anayejua kukataa, sherehe inakuwa kikao cha wazazi shuleni.

Mzee wao kalazwa. Ngiri. Na Julai hii wasemaji wote wa Kigali wameshachukuliwa. Akasema, mzee Kabera, sherehe hizi wewe umezihudhuria kuliko padri. Kweli. Miaka kumi na sita. Nyuma ya hema, karibu na jenereta. Kila sentensi naisikia nusu.

Nikasema nitafikiri. Anataka jibu Jumatano jioni.

Jumanne, 8 Julai

Nimefikiri. Kinyarwanda changu kina harufu ya Karagwe. Kipaza sauti sijawahi kukishika ila kukibeba. Na msemaji anatakiwa awe mtu mwenye nyumba, yaani mke, watoto, wakwe wa kugombana nao. Mimi nina viti mia nne.

Mpango: kumchota akili Kamanzi wa Gisozi, msemaji maarufu, mwenye kofia tatu za sherehe, anayenidharau kwa upole tangu tulipofahamiana. Nikamwambia kuna rafiki yangu anataka kujua kazi ya kukataa inaendaje. Akauliza kama huyo rafiki naye ametokea Karagwe. Nikasema sijamwuliza. Basi mwambie, akasema, anakataa mara tatu, ya nne anatoa. Neno la kutoa ni moja tu, muramuhawe, mmepewa. Kukataa hata mbuzi anaweza. Kazi ni kuomba. Halafu akauliza kama kweli sisi wa kule tulikuwa tunaomba wake kwa mkungu wa ndizi.

Nilicheka. Nilicheka muda mrefu kuliko utani ulivyostahili.

Jioni nikapanga viti arobaini uani, nikasimama mbele yake, nikavikatalia. Trinah, msichana wa benki anayepanga nyumba ya pili, akachungulia juu ya ukuta. Akauliza nani anakuja. Nikasema wageni. Akauliza saa ngapi. Nikasema wamechelewa.

Jumatano, 9 Julai

Nimeamua kukataa kazi ya kukataa. Mtu mzima ajue mipaka yake. Sababu: koo. Nikajifunga skafu, nikafanya mazoezi ya kukwaruza sauti mbele ya kioo, nikapanda barabara ya juu.

Walikuwa wanane mezani, shangazi na binamu, wanachambua mchele wa Jumamosi. Mmoja akasogea kunipa nafasi bila hata kunitazama, kama unavyompisha ndugu aliyetoka msalani. Ihirwe akaniwekea sinia mbele. Mzee, chambua, hapa hakuna mgeni. Nikachambua saa nzima. Waligombana kuhusu rangi ya vitambaa, wakaniuliza maoni, wakayapuuza. Jibu hakuna aliyeliuliza.

Mlangoni Mukandekezi ndipo akauliza.

Nikasema ndiyo. Kwa sauti nzima, kama kengele. Skafu bado iko shingoni.

Alhamisi, 10 Julai

Asubuhi Ihirwe na Shema wake wamefunga ndoa ya serikali kwenye ofisi ya sekta. Mchana nikapata habari nani anasema upande wa mvulana. Kamanzi. Alinipigia mwenyewe. Akasema nimpe pole yule rafiki yangu.

Ijumaa, 11 Julai

Mpango: kuandika maneno yote matatu ya kukataa kiganjani, kwa kalamu nyeusi. Kisha nikafunga mahema kutwa nzima. Jasho limefuta mawili.

Jumamosi, 12 Julai

Ushindi. Watu walisimama. Kamanzi alivua kofia. Nimechoka, maelezo baadaye.

Jumapili, 13 Julai

Simu. Mukashema, dada mkubwa wa Mukandekezi, mwanamke anayesema na simu kana kwamba simu ndiyo yenye makosa. Ametazama video yote, tena mara mbili. Hakuna mahali niliposema muramuhawe. Serikali imetoa Alhamisi, kanisa limetoa Jumamosi jioni, wa kwao hajatoa. Mtoto wetu kaondoka nyumbani, akasema, kama kuku aliyepita chini ya uzio.

Nikamweleza kwamba huo ni ufundi wa kale wa Karagwe, neno linalazwa kwanza ili liive. Akasema hajawahi kuusikia. Nikasema ndivyo ulivyo wa kale.

Akanipa amri. Kesho, saa kumi, Gatsata, nyumbani kwa maharusi. Nije na neno langu likiwa limeiva.

Jumatatu, 14 Julai

Sasa niandike kilichotokea kweli Jumamosi.

Neno la kwanza la kukataa nililitoa vizuri. Nikamwambia Kamanzi kwamba msichana wa jina hilo hapa hatumjui, labda aulize kwenye viti. Watu wakacheka. La pili nikasema Ihirwe tunaye, ila bado hajamaliza kutulipa maziwa aliyokunywa. Wakacheka zaidi. La tatu silikumbuki, lakini mzee mmoja mstari wa mbele alifuta machozi. Hapo ndipo nilipotakiwa kutoa.

Lakini ni lini mara ya mwisho watu mia tatu walisubiri nimalize sentensi? Nikakataa la nne. Nikakataa la tano. Kamanzi alikuwa ananikonyeza, kisha ananitolea macho, kisha anatazama saa yake bila kujificha. Kwa la sita nikatazama kiganja, kitupu. Nikasema nilichokuwa nacho.

Nikamwambia: mkimchukua huyu, mama yake atapika kwa sufuria ileile, kwa mazoea. Atakula kiporo siku tatu. Atawasha redio chumbani halafu akae sebuleni, ili chumbani kuwe na mtu. Akiulizwa habari za nyumbani atasema wote hawajambo. Baadaye atazoea. Mimi nakukatalia kwa sababu ya huko kuzoea.

Hakuna aliyecheka. Jenereta ndiyo iliyosikika. Kamanzi akavua kofia. Mukandekezi alikuwa amejifunika uso kwa mtandio.

Ihirwe alikuwa ndani, anasikia kila kitu kwenye spika. Bibi harusi hatoki mpaka atolewe. Alitoka. Akapita katikati ya watu wote na mshanana wake, vazi la sherehe la kufunga begani, akamshika mama yake bega, kisha akaja kwangu akaniinamia sikioni. Mzee, akasema, naenda Gatsata tu. Basi moja.

Nikakaa. Watu wakadhani tumelipanga, wakapiga makofi, ngoma zikaanza, wavulana wakaanza kuimba sifa za ng'ombe wa mahari. Hata mimi nilidhani nimemaliza. Ufundi wa Karagwe haupo. Nilisahau.

Leo saa kumi tulikuwa sita sebuleni Gatsata, kochi bado lina nailoni zake. Mukashema alisimama mlangoni kama askari. Kamanzi alikuwepo kupokea, na kofia. Shema, kijana mrefu, alisimama wima mikono nyuma. Nikasema muramuhawe. Halikuchukua hata pumzi moja. Shema akasema asante, na sauti yake ikatetemeka, mtu ambaye serikali na kanisa vilishampa. Mukandekezi akacheka, akasema sasa naweza kula. Tukala. Nilipakuliwa mara mbili, ya pili sikuomba.

Tukateremka na Kamanzi hadi barabarani. Hakunitania. Akasema lile la sita amelitafutia jibu siku mbili na hajalipata, na kwamba yeye mwenyewe nyumbani kwake redio huwa inaongea chumbani. Sikujua. Miaka yote hiyo nilikuwa nahesabu kofia zake.

Kisha akasema tarehe tisa Agosti anahitaji mtu wa pili pembeni yake, upande wa kuomba. Kuomba ni kazi nzito. Akaniuliza kama nina uzoefu.

Kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: sina. Karagwe alikuwepo Mahoro, binti wa mwalimu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa natafuta mzee anayesema vizuri aende kuniombea. Nikiwa bado natafuta, wazee wa mvulana mwingine wakafika kwao na kreti za soda. Viti vya siku hiyo nilivibeba mimi.

Nikamwambia Kamanzi kwamba kuomba ndiko hasa ninakokuweza. Maisha yangu yote, sijawahi kukataliwa.