Doa Jeupe Juu ya Komarock

Ijumaa, 16 Januari 2026
Jirani yangu hapa Komarock, Luseno, amepiga picha ya galaksi. Kwa kamera ya mtumba kama yangu! Mchungaji ameitundika kanisani. Mke wangu Mutheu ameisifu mara tatu. Nilihesabu. Nimemwomba mchungaji ukuta wote wa mbele Jumapili, niimulike yangu kwa projekta. Sijawahi kupiga hata moja.

Jumamosi, 17 Januari
Mwezi haupo. Galaksi ya Andromeda iko kaskazini-magharibi, ila taa ya geti inaifuta kabisa. Luseno kanishauri, bila kuulizwa, nipige picha fupi mia mbili, kisha nizirundike kwenye kompyuta ziwe moja. Na lenzi nisiiguse kwa vidole. Mimi mtoto?

Saa moja unusu jioni nimeivika taa ndoo nyeusi kwa kutumia mti mrefu. Giza tamu! Picha ya kumi, kelele. Mama Ayuma, anayekaanga samaki chini ya taa ile, ameunguza sita. Sikuwa nimemfikiria kabisa. Aibu. Nikatoa ndoo.

Akauliza natafuta nini huko juu. Nikasema mwanga uliosafiri miaka milioni mbili na nusu kutufikia. Akatazama juu kitambo.

"Haya, baba. Lakini kwanza nigeuzie hawa."

Nikageuza samaki mpaka wateja wakaisha. Ndoo ikarudi. Lenzi ilikuwa na vumbi, nikaifuta kwa kidole, nikapiga zote mia mbili.

Jumapili, 18 Januari
Ushindi! Doa kubwa, jeupe, la mviringo. Waumini wamepiga makofi. Mama Ayuma amefuta machozi, akasema na samaki wake wamechangia. Luseno alikuwa akiitazama lenzi yangu tu. Wivu huo.

Jumatatu, 19 Januari
Mutheu ameniita nitazame picha ya kwaya niliyopiga jana baada ya ibada. Galaksi imekaa kwenye paji la uso la mchungaji. Mahali palepale, ukubwa uleule. Mafuta ya samaki kwenye lenzi!

Nimekwenda mwenyewe kumwambia Mama Ayuma kabla hajasikia kwa watu. Amecheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema nyota alizoziona kwa macho yake Jumamosi hakuna wa kumnyang'anya.

Jumanne, 20 Januari
Kumbe Luseno alijua tangu Jumapili, na hakumwambia mtu. Amekuja na kitambaa laini, akanisafishia lenzi, akaniomba twende pamoja kesho upande wa Tala, nje ya jiji, kwenye giza la kweli.

Ni wazi ameingiwa na hofu. Anataka kuiba mbinu zangu.