Kamati ya Harusi Yangu na Mashine ya Boti

Nice Kahigwa,
Buswelu, Mwanza.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Harusi ya Nice na Kashindye.

Ndugu Mwenyekiti, ambaye pia ni baba yangu mdogo, shikamoo.

YAH: KUOMBA NIOLEWE

Mimi ni bibi harusi. Najitambulisha kwa sababu katika kumbukumbu za vikao vyenu tisa jina langu limetajwa mara moja tu, pale mlipokadiria uzito wa abiria.

Ni kweli mchumba wangu Kashindye anaunda boti za mashindano kule Igombe, na ni kweli mliamua kwa nia njema kwamba tutoke kanisani tuingie ukumbini kwa boti yake mpya, itakayokuwa na kasi kuliko zote ziwani. Boti iko tayari. Padri ametutangaza mara tatu. Zimebaki siku kumi na moja, na bado hamjaamua boti hiyo itasukumwa na nini. Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Wajumbe wa kwetu Kagera mmeng'ang'ania jeti, ile inayofyonza maji chini na kuyatema nyuma, kwa kuwa haina propela ya kugonga miamba na eti inaonekana ya kisomi. Magugu maji yakiingia mdomoni mwake tutakwama katikati ya ziwa, mimi na shela langu, huku mkitupungia mikono kutoka ukumbini.

2. Upande wa Kashindye wanataka propela inayozunguka nusu nje ya maji. Inakimbia, sikatai. Lakini inarusha maji juu kama paa la nyumba, na nyuma yetu ndiko mlikopanga boti ya wazazi. Mama mkwe ameshasuka nywele.

3. Shangazi yake Kashindye, Mhoja, anapendekeza mashine ya kufunga nyuma, kwa hoja kwamba jioni inafunguliwa na kulazwa ndani wezi wasiichukue. Nilipouliza ndani wapi, nilijibiwa chumbani kwetu. Baba mdogo, kwenye kicheni pati nilifundwa kuishi na mume, sikufundwa kulala na kitu kinachonuka petroli.

4. Keki haijaagizwa.

5. Kikao cha tisa kiliunda kamati ndogo ya kujaribu mashine zote tatu kwenye boti za kuazima. Katibu wake ni bwana harusi. Nikimpigia simu nasikia upepo.

Nampenda huyu mtu, na naogopa mnanipokonya mchana kweupe, kwa ajenda na mihtasari. Hivyo naomba boti iahirishwe, harusi ibaki. Nitaingia ukumbini kwa bajaji, kwa baiskeli, hata kwa miguu, mradi niingie nikiwa mke wa mtu.

Nisalimie wajumbe wote, hata wale wa propela.

Mwanao mtiifu,
Nice Kahigwa,
Bibi harusi (mtarajiwa).

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Kashindye alikuja kuomba radhi, akanipeleka Igombe na kuniachia usukani. Nimezijaribu zote tatu. Jeti ni nzuri kwenye kona, lakini ile ya nusu nje, ukiiongezea mafuta, boti yote inanyanyuka na moyo unanyanyuka nayo. Ila propela mliyoazima kwa majaribio ni ndogo. Naomba kikao cha kumi kiitishwe kesho na mimi niwe mjumbe. Kashindye anasema harusi ibaki tarehe ile ile. Nimemwambia asubiri.